Baiskeli Yenye Injini ya Pampu

Jumatatu, 3 Machi

Mfungo wa pili wa Ramadhani. Kaunta buku hii tulipewa kwenye semina ya wahudumu wa afya wa jamii, tuandike kaya tulizotembelea. Mbele nitaandika kaya. Huku nyuma nitaandika yangu.

Leo Mzee Mhina, baba mkwe wangu, ameifunua pampu. Ni pampu ya petroli ya mume wangu Faraji, aliyokuwa akimwagilia nyanya. Tangu aondoke kwenda Dar es Salaam, mwaka wa tatu huu, imekaa bandani chini ya turubai na hakuna aliyeigusa. Mama mkwe, Mama Mwanaidi, hufagia kwa kuizunguka. Asubuhi nimerudi na ndoo ya maji kichwani, namkuta mzee amechuchumaa mbele yake, anaifuta vumbi kwa kipande cha kanga.

Anaiuza, nikasema moyoni. Na baba akiuza pampu ya mwanawe, maana yake amekubali kwamba mwana harudi. Mimi nitakuwa nakaa hapa kama nani?

Kaya nne tu nimetembelea, na sikumbuki nilichowaambia.

Jumanne, 4 Machi

Hakuiuza. Amezungumza, ila si na mimi. Tangu niolewe hapa, miaka sita, Mzee Mhina hajapata kunisemesha moja kwa moja. Ni mtu wa zamani, anashika heshima ya mkwe: yeye na mkaza mwanawe hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkononi. Likiwapo neno, linapitia kwa mama, hata kama sote watatu tumesimama uani pamoja.

"Mwambie mwenzio alete baiskeli yake," akasema.

"Munira, lete baiskeli," mama akasema.

Nikaileta. Baiskeli hii baba yangu alinipa nilipoanza kazi, ndiyo miguu yangu kwenye vitongoji vitatu. Mzee akaipima kwa kamba kila mahali, akachora mistari ya chaki kwenye ukuta wa banda, akanirudishia. Yaani akamrudishia mama, mama akanirudishia mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Tukimenya mihogo ya futari, mama amenieleza.

"Unaikumbuka siku ya yule mtoto wa ng'ambo ya korongo?"

Nitaisahau vipi. Ilikuwa Novemba. Walinipigia simu, mtoto wa miaka miwili, homa kali, degedege. Nikakanyaga pedeli kwa karibu saa mbili nzima, mchanga, kilima, mchanga tena. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Niliporudi nikakaa nyuma ya banda nikalia, nikidhani hakuna aliyenisikia.

"Mzee alikuwa humo ndani," mama akasema. "Hakula siku ile. Akaniambia, yule binti miguu yake haiitoshi nchi hii."

Kwa hiyo tangu Novemba hadi leo alikuwa anafikiri. Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa naona mzee aliyenuna, nikadhani ananisubiri nifunge mizigo nirudi kwetu Korogwe.

Jumapili, 9 Machi

Mzee ameitoa ile sehemu ya pampu inayonyonya maji, imebaki injini tupu, ndogo kama kichwa cha mbuzi. Kabla ya kuhamia huku Kang'ata alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mkumbara. Nilikuwa nasikia tu. Leo nimeona mikono yake ikifanya kazi, ikawa kama mikono ya mtu mwingine.

Ijumaa, 14 Machi

"Mwambie ashike spana namba kumi na tatu."

"Munira, shika namba kumi na tatu."

"Mwambie siyo hiyo."

"Siyo hiyo, Munira."

Jumatano, 19 Machi

Injini imekaa juu ya keria. Kwenye ekseli yake mzee amefunga kipande cha bomba la chuma, na bomba hilo linakandamiza tairi la nyuma. Injini ikizunguka, bomba linasugua tairi, tairi nalo linazunguka. Kuongeza moto ni kwa waya wa breki uliokwenda kwenye kabureta.

Leo kuifunga kulihitaji watu wawili, mmoja avute gurudumu, mwingine akaze nati. Mama alikuwa amesimama katikati, amefunga, jua la saa tisa, anapokea maneno huku anapeleka kule. "Mwambie avute." "Vuta." "Mwambie asiachie." "Usiachie." "Mwambie kidogo kushoto." Mara mama akavua kanga ya kichwani akajipepea.

"Mimi si redio," akasema. "Mmoja wenu atakatika vidole hapa kwa ajili ya heshima. Semeni wenyewe."

Akaingia ndani. Tukabaki wawili na gurudumu letu. Mzee akaliangalia gurudumu muda mrefu, halafu akaliambia, "Kidogo kushoto."

Nikavuta kushoto.

Ijumaa, 21 Machi

Imewaka! Nimevuta kamba mara tisa. Nimekwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wamepiga vigelegele kana kwamba naolewa. Nimemkuta mzee amesimama palepale nilipomwacha, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua imeanza kunyesha kabla hatujatoka kuswali.

Jumatano, 2 Aprili

Haifai. Tairi likilowa, bomba linateleza. Injini inapiga kelele na baiskeli imesimama tuli kwenye tope. Nimeisukuma kilomita saba na ule uzito wote wa juu unaivuta upande. Mara mbili imeniangusha.

Mzee ametoka kuipokea. Ameona matope kwenye gauni langu mpaka mabegani. Ameingia bandani, hajatoka mpaka magharibi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Mzee hagusi spana.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kusaga. Nikiwa kwenye foleni nikawa namtazama mwendesha mashine. Akitaka jiwe lizunguke anasukuma mti, mti unakaza mkanda. Akitaka lisimame anauachia mti, mkanda unalegea, injini inaendelea kuunguruma bure. Mkanda umejaa unga na bado hautelezi, kwa sababu umelala ndani ya mfereji wa puli.

Nimeuacha unga pale. Nimerudi mbio, nimemkuta mzee peke yake, mama hayupo, amekwenda msibani. Nikasimama mlangoni mwa banda. Ningeweza kusubiri.

"Baba," nikasema, "tutumie mkanda."

Hakuinua kichwa. "Mkanda unataka puli kubwa kwenye gurudumu. Tutaipata wapi?"

Alinijibu mimi. Nikaendelea. "Ringi ya baiskeli ya mtoto, bila tairi. Ile ina mfereji tayari. Tuifunge kwenye spoku za nyuma."

Sasa akainua kichwa. Akanitazama usoni, na mimi nikamtazama, mtu wa macho ya kahawia ambayo sikuwahi kuyajua rangi yake.

"Na injini tuishushe ikae katikati ya fremu," akasema polepole. "Uzito uwe chini. Keria ibaki wazi."

"Ndiyo, baba."

"Nani alikufundisha?"

"Mashine ya kusaga."

Akacheka. Sikujua kwamba anacheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Ringi imepatikana, mjukuu wa jirani ameshakua, baiskeli yake ilikuwa juu ya paa imekandamiza bati. Mkanda wa zamani tumepewa na mwendesha mashine, pamoja na unga wangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku kumi na tatu za kazi. Naandika ili nisisahau. Ringi ndogo imefungwa kwenye spoku za ringi kubwa kwa vibano kumi na viwili, na kila kibano nimekikaza mimi, mzee akizungusha na kuangalia kama inayumba. Ilikuwa inayumba. Tukafungua vyote tukaanza upya, mara nne. Mkanda unatoka kwenye puli ndogo ya injini unazunguka ringi. Kuna mkono wa chuma karibu na goti langu: nikiusukuma unakaza mkanda, baiskeli inakwenda, nikiuachia, inasimama. Boliti mbili zinazoshika injini zimekaa kwenye matundu marefu, ili mkanda ukirefuka injini isogezwe mbele.

Mzee amenifanya nifungue kila kitu na kufunga tena peke yangu, yeye amekaa kwenye kigoda, amegeuza mgongo.

"Huko porini mimi sitakuwapo," akasema.

Mwisho kabisa akakata dumu la njano la mafuta ya kula, akalifunga kama kava juu ya mkanda.

"La nini, baba?"

"Gauni."

Jumamosi, 26 Aprili

Kaya kumi na nne kwa siku moja. Kwenye tope!

Ijumaa, 2 Mei

Mkono umechoka lakini lazima niandike leo leo.

Saa nne asubuhi amekuja Enock, mume wa Stefania, ameloa chapa. Hao ni watu wa Lutindi, walishuka milimani miaka miwili iliyopita wakafungua shamba ng'ambo ya korongo, si mbali na kwa yule mtoto wa Novemba. Stefania ana mimba ya kwanza, nilikuwa nimempangia akae karibu na zahanati wiki ijayo. Uchungu umemwanza mapema, tangu alfajiri, na Enock anasema kimetangulia kitu chembamba, kama mguu.

Nikapiga simu zahanati. Mtandao hakuna, mvua ya siku tatu. Enock alikuwa ameshawaomba bodaboda wawili wakamkatalia, korongo limejaa na pikipiki haibebeki.

Mzee alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliingia bandani akatoka na kidumu cha petroli iliyochanganywa na oili, akanijazia tangi.

Kwenda zahanati, Kang'ata penyewe, ilikuwa kilomita tisa za tope jekundu, upande wetu wa korongo. Nilianguka mara moja, nikainuka. Nesi mkunga wa zamu, Glory, dada mnene mcheshi, alikuwa na foleni ya watoto wa chanjo. Nilipomweleza akafunga begi lake bila kuuliza la pili.

"Gari la wagonjwa limekwama barabarani," akasema. "Umekuja na nini?"

Nikamwonyesha. Akaiangalia, akaangalia mwili wake.

"Mimi nikae hapo?"

"Dada Glory, keria imechomelewa."

Akapanda. Tulikwenda, begi mapajani mwake, kichwa chake mgongoni mwangu, akisali kwa sauti. Kwenye kilima cha pili injini ikaanza kuunguruma na baiskeli haipandi. Nikajua ni ule ule mchezo wa Aprili. Nilimwona yule mtoto aliyefunikwa kanga, kabisa, kama yuko njiani mbele yangu.

"Imekufa?" Glory akauliza.

"Haijafa. Shuka."

Nikapiga magoti kwenye tope. Mkanda ulikuwa umerefuka na umelowa. Spana namba kumi na tatu ilikuwa mfukoni. Nililegeza boliti mbili, nikamwambia Glory asukume injini mbele kwa nguvu zake zote, na nguvu anazo, mimi nikakaza. Mkanda nikaufuta kwa kanga yangu. Nilivuta kamba mara nne. Ya tano ikashika.

Korongoni tulimkuta Enock. Na tulimkuta Mzee Mhina. Mzee wa miaka sabini na moja alikuwa ametembea kutoka nyumbani, amefunga kamba ya katani kwenye shina upande huu, na Enock ameifunga upande wa pili. Maji yalikuwa ya mapajani, mekundu, yanakimbia. Enock na Glory wakatangulia na begi. Halafu Enock akarudi, yeye na mzee wakainyanyua baiskeli mabegani, injini juu, wakavuka nayo. Ndiyo maana pikipiki isingeweza.

Nikabaki mimi. Niliingia nikishika kamba, katikati mguu ukateleza. Mzee alikuwa ameshavuka. Akarudi ndani ya maji mpaka kiunoni, akanyoosha mkono.

"Shika," akasema.

Nikashika. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mpini, na haukuniachia mpaka tulipokuwa mita kadhaa kutoka kwenye maji.

Tumefika. Glory amefanya kazi yake, mimi nimeshika taa na maji ya moto na mkono wa Stefania. Mtoto ametoka miguu kwanza, amechelewa kulia, Glory amemsugua mgongo na kumpulizia, tukangoja, tukangoja. Halafu akalia. Wa kike. Mama yake mzima.

Nilitoka nje. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo, nguo zimelowa, anatazama njia. Alisikia kile kilio lakini hakugeuka, mabega tu yalishuka.

"Ulikaza mkanda?" akauliza.

"Kwenye kilima cha pili, baba."

Akatikisa kichwa kukubali.

Jumatatu, 5 Mei

Mzee ana kikohozi na homa kidogo. Nimempima malaria, hana. Amekubali nimpime, kidole amenyoosha mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Palizi. Mahindi yamefika kifuani.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Tumemaliza kula, Faraji akaingia uani na begi.

Jumatatu, 9 Juni

Amenenepa. Amemletea mama kitambaa cha gauni na mzee kofia. Mimi ameniamkia kwa adabu, kama mtu wa ofisini. Tulisikia kitambo kwamba ana mke Mbagala, huko huko Dar. Sasa amesema mwenyewe, na mtoto mmoja.

Leo amefika kwenye alichokuja nacho. Amepata bustani ya kukodi, anataka pampu. Akaenda bandani, akakuta turubai tupu. Ndipo akaiona baiskeli.

"Baba, hii si injini yangu?"

"Ilikuwa," mzee akasema.

"Nilikuwa nimekuja kuichukua."

"Uliiacha imelala miaka mitatu. Sasa inafanya kazi. Ng'ambo ya korongo kuna mtoto anaitwa Munira, ana mwezi mmoja. Nenda kamwangalie, ukirudi uniambie niifungue, nitaifungua."

Faraji hakwenda. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye vile vibano kumi na viwili, kimoja kimoja. Baadaye alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mimi alikuwa ananifukuza bandani," akasema. "Kila nikishika spana ananiambia nitaharibu."

"Hata mimi aliniambia hivyo. Ila kupitia kwa mama."

Akacheka. Ni kicheko kilekile kilichonifanya nikubali kuolewa. Nimekisikia na hakikuniuma, na nimeshangaa.

Jumatano, 11 Juni

Ameniacha kwa wema. Sheikh wa msikiti alikuwapo, mzee na mama pia. "Nimekuweka njiani muda mrefu, Munira. Nisamehe," akasema. Nimemsamehe. Mama amelia. Mzee ametoka nje kabla ya dua. Injini Faraji ameiacha.

Sheikh amesema eda nikalie hapahapa, ni haki yangu, na mchana naweza kutoka kwa kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku tatu mzee hajanisemesha. Leo amerudia ya zamani: "Mwambie petroli imeisha." Mama amenitazama, nimemtazama. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 22 Juni

Kaka yangu Zaidi amepiga simu kutoka Korogwe. Chumba kipo, nikimaliza eda niende. Nimeanza kukunja nguo ambazo sivai. Vitongoji vyangu atavichukua mwingine. Nitamfundisha kukaza mkanda.

Ijumaa, 27 Juni

Tumevuna. Magunia yamejaa sebuleni, panya nao wameingia.

Jumamosi, 5 Julai

Leo amekuja Rehani, mwenyekiti wa kitongoji, anapita nyumba kwa nyumba na fomu kuhuisha daftari la wakazi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani. Mama akampa kigoda.

"Mkuu wa kaya, Mhina," akasema akiandika. "Mke, Mwanaidi. Na…" Kalamu ikasimama. Habari za talaka zimeshazunguka kote. "Huyu nimwache? Maana eda ikiisha si anakwenda kwao?"

Mimi niliendelea kupukuchua. Mzee akaweka gunzi chini.

"Munira," akasema. Alinitazama kama ile siku ya mkanda. "Eda ikiisha unaondoka?"

"Nikiambiwa niondoke, baba, nitaondoka."

"Sijauliza ukiambiwa. Nauliza unachotaka wewe. Siku zote hizi nangoja useme, husemi. Nikasema labda unataka kwenda, nisikuzuie."

Kumbe alikuwa anangoja. Kumbe na yeye alikuwa anasikiliza nguo zikikunjwa.

"Nataka kubaki," nikasema.

"Andika," akamwambia Rehani.

"Niandike nani, mzee? Hapa wanataka uhusiano na mkuu wa kaya. Kuna mke, mtoto, mjukuu, mkwe, mpangaji. Mkwe siyo tena."

"Andika mtoto."

Rehani akatabasamu, kalamu bado iko juu. "Wa kumzaa, mzee? Wasije wakaniuliza."

"Wakikuuliza waje kwangu. Andika mtoto. Umri muulize mwenyewe, siku anazaliwa mimi sikuwapo."

Rehani akanigeukia. Nikasema thelathini na mmoja. Akaandika, mimi nikachukua hindi jingine nikapukuchua.